Kitenzi kimoja, hekta mia nane: kutafsiri sheria ya Kihispania kwa Kiingereza

Leo sitaongea muhogo wala mbolea. Lakini shamba litakuwemo, msihofu, juu hata kwenye mambo ya sheria kesi nyingi zinaanzia kwenye udongo.

Tuanzie Florida. Leo ni jimbo la Marekani, ila mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa nchi ya mfalme wa Hispania. Mwaka 1815 gavana wa Kihispania, Estrada, alimpa mtu mmoja jina lake Juan Percheman shamba la ekari 2,000, ni kusema karibu hekta 800. Kisha, tarehe 22 Februari 1819, Hispania na Marekani zikasaini mkataba wa kuhamisha Florida mikononi mwa Marekani. John Quincy Adams alisaini kwa upande mmoja, Luis de Onís kwa upande mwingine. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, na maandishi yote mawili yalihesabiwa kuwa ya asili. Hakuna hata moja lililokuwa tafsiri ya mwenzake.

Sasa wale waliopewa mashamba na mfalme wa zamani watakuwaje? Kifungu cha 8 kilijibu. Juu ya ardhi zilizotolewa kabla ya tarehe 24 Januari 1818, Kiingereza kilisema "shall be ratified and confirmed". Kihispania kilisema "quedarán ratificadas y reconocidas". Mutu akisoma mbio mbio anaona ni kitu kimoja. Lakini angalia namna Kiswahili chetu kinavyofungua fundo hilo: Kiingereza kinaweza kusomwa "zitathibitishwa", na Kihispania kinasema "zitabaki zimethibitishwa". Ukisema "zitathibitishwa", kuna mtu anapaswa kuja kesho kuthibitisha. Nani? Lini? Na asipokuja? Ukisema "zitabaki zimethibitishwa", hakuna wa kungojea. Siku mkataba unapoanza kufanya kazi, shamba ni lako sawa vile lilivyokuwa jana.

Mwaka 1829 swali hilo lilifika Korti Kuu ya Marekani katika kesi inayoitwa Foster v. Neilson. Ilihusu ardhi nyingine, upande wa Louisiana, nayo pia ilikuwa imetolewa na Wahispania. Mkubwa wa mahakimu, John Marshall, alisoma Kiingereza. Akaona kwamba "shall be" ni ahadi tu kati ya serikali mbili: Bunge linapaswa kwanza kutunga sheria ya kuthibitisha, na mpaka hapo korti haina la kufanya. Ile kesi ilikuwa pia na matata ya mpaka, ila hoja hii ya ahadi njo iliyobaki katika vitabu. Wenye kudai ardhi walishindwa.

Miaka minne baadaye, 1833, ikafika kesi ya Percheman. Safari hii maandishi ya Kihispania yaliwekwa mbele ya korti. Marshall yule yule, hakimu yule yule, akasoma upya. Akakubali kwamba maneno ya Kiingereza yanaweza kubeba maana zote mbili, lakini ya Kihispania hayawezi. Basi, kama maandishi mawili ya asili yanaweza kupatanishwa bila kuvunja lolote, yapatanishwe. Ardhi ilikuwa imekwisha kuthibitishwa na mkataba wenyewe. Percheman akashinda. Hekta 800 zilisimama juu ya kitenzi "quedar", ambacho mwanafunzi wa Kihispania anakifundishwa katika miezi ya kwanza.

Nimeanza na hadithi hii juu watu wengi wanafikiri shida ya kutafsiri sheria ni maneno makubwa makubwa, yale ya Kilatini. Maneno makubwa hayana shida sana, unayatafuta katika kamusi na kamusi inakujibu. Yanayoangusha watu ni yale madogo na yale yanayofanana.

Tuone kwanza yanafanana kwa nini. Hispania inafuata familia ya sheria iliyotoka Roma na kupitia Ufaransa: kode zilizoandikwa, kifungu kwa kifungu. Kode sivili ya Napoleon ni ya 1804, na kode sivili ya Hispania ni ya 1889. Wabelgiji walichukua kwa Napoleon, na sisi Wakongo tulichukua kwa Wabelgiji, kwa hiari ao kwa nguvu. Njo maana mwanafunzi wa droit wa Lubumbashi ao Bukavu akifungua kitabu cha sheria cha Madrid anajisikia kama yuko kwa mjomba: anakuta notere, anakuta kasasyo, anakuta usufrui, na vyumba vimepangwa karibu sawa na vya nyumbani. Mwingereza anafuata njia nyingine. Sheria yake ilijengwa na mahakimu, kesi juu ya kesi, tangu zamani za kati, na nyumba yake haina vyumba vile vile. Mtafsiri anayetoka Kihispania kwenda Kiingereza anahamisha vyombo kutoka nyumba moja kwenda nyingine yenye milango ya kipimo tofauti.

Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili. Moja ni la mwenye Kiingereza, anayeona neno la Kihispania lenye sura ya Kiingereza. Lingine ni letu sisi wenye Kifaransa, tunaoona neno la ndugu na kudhani ndugu anafanya kazi ile ile.

Chukua "procurador". Mkongo akisikia neno hilo, moyo unaruka, anawaza parke na mandati ya kukamata. Nchini Hispania "procurador" ni mtu wa kawaida tu wa kazi binafsi: anamwakilisha mteja mbele ya korti, anapokea na kupeleka karatasi, anaangalia tarehe zisipite. Anatembea pamoja na avoka, ambaye njo anayetetea. Anayeshtaki kwa jina la jamii anaitwa "fiscal". Na huyo "fiscal" ukimpeleka kwa Kiingereza vile vile alivyo, msomaji anawaza kodi na bajeti, sawa vile sisi tunavyowaza watu wa lempo tukisikia "fisc". (Waskoti peke yao wanaweza kucheka, juu kwao mshtaki wa serikali kweli anaitwa "procurator fiscal". Lakini Skotlandi ina sheria yake, na haisemi kwa niaba ya Waingereza wote.)

"Magistrado" ni tamu zaidi, juu inadanganya pande tatu. Hispania ina ngazi za mahakimu: wa chini anaitwa "juez", akipanda anakuwa "magistrado", na juu kabisa kuna magistrado wa Korti Kuu. Kwetu Kongo, "magistrat" ni jumla, ndani yake kuna hakimu anayekaa na pia mtu wa parke anayesimama. Uingereza, "magistrate" ni raia wa kujitolea, hapokei mshahara, na hahitaji kuwa amesoma sheria. Anakaa na wenzake kusikiliza makosa madogo madogo huku mwanasheria akiwashauri. Sasa fikiria hukumu ya "magistrado" wa Korti Kuu ya Madrid, mtu wa miaka thelathini ya kazi, inafika London imeandikwa "magistrate". Msomaji ataipima kwa uzito wa mzee wa kujitolea wa mtaani. Mtafsiri mzuri ataandika "judge" ao "senior judge", ao "Supreme Court justice" kama ni wa Korti Kuu.

Mengine nayapita haraka. "Sentencia" ni hukumu yoyote ile inayomaliza kesi, hata ya deni la mbuzi. "Sentence" ya Kiingereza ni adhabu peke yake, na mtu aliyeachiliwa huru hawezi kuwa nayo. "Jurisprudencia" ni maamuzi ya korti yanayofuatwa, sawa na Kifaransa, wakati "jurisprudence" ya Kiingereza mara nyingi ni falsafa ya sheria, kitu cha darasani. "Auto" ni uamuzi wa hakimu wenye kutolewa sababu, uko chini ya "sentencia". Uking'oa neno hilo peke yake na kulitupa katika mashine ya kutafsiri, usishangae ikikupa gari.

Lakini pale kifo kinapoingia, tusipite haraka.

Kode penali ya Hispania ya 1995 inatenganisha "homicidio" na "asesinato". Wa kwanza ni kuua kwa kukusudia: kifungo cha miaka 10 mpaka 15. Wa pili ni kuua pamoja na jambo la kuzidisha ubaya: kumvamia mtu kwa namna ambayo hana njia ya kujitetea, ao kuua kwa malipo, ao kumwongezea mateso kwa makusudi. Mwaka 2015 wakaongeza kuua ili kurahisisha ao kuficha kosa lingine, na adhabu ikawa miaka 15 mpaka 25.

Mwenye Kiingereza anaona "asesinato" na kalamu yake inakimbilia "assassination". Neno hilo la Kiingereza ni la kuuawa kwa rais ao mtu mkubwa. Mlevi aliyelipwa ili amchome kisu jirani hawezi kuingia humo. Kisha anaona "homicidio" na kuandika "homicide", ambayo kwa Kiingereza ni kuua kokote, hata kule ambako sheria inakuruhusu kwa kujitetea. Mwingine, akiona kwamba "asesinato" amelipa "murder", anatafuta daraja la chini kwa ajili ya "homicidio" na kuandika "manslaughter". Hapo mambo yanaharibika kabisa. "Manslaughter" ni kosa dogo kuliko "murder", mara nyingi ni la mtu ambaye hakukusudia kuua. Na Uingereza, mtu aliyekusudia kuua, hata kama hakupanga tangu jana, kosa lake ni "murder". Kwa hiyo "homicidio" ya kukusudia kazi yake njo ile ya "murder", na "asesinato" inabidi iitwe "aggravated murder" ao ielezwe kwa maneno machache. Na kuna "homicidio imprudente", ya uzembe, na hiyo njo inayoweza kusogea karibu na "manslaughter".

Na sisi je? Sisi tunaona "asesinato" na kuwaza "assassinat" ya kode yetu. Kwetu kinachoifanya ni kupanga mbele, ile wanaita premeditasyo. Katika kode ya Hispania ya leo kupanga mbele hakumo katika orodha ile. Mtu anaweza kupanga mwezi mzima na korti ikatafuta kitu kingine: je, aliyekufa alikuwa na namna ya kujitetea? Maneno ni ndugu kwa damu, ila kila mmoja ameolewa kwake.

Fikiria karatasi hizo zikiwa ombi la kurudishwa kwa mshtakiwa. Hakimu wa nchi anayoshikiliwa anataka kujua kama kitendo kile ni kosa pia kwake. Mtafsiri hana haki ya kupunguza wala kuongeza, na ile kupunguza ya bahati mbaya inatokea kwa neno moja katika mstari wa kwanza wa shtaka.

Sasa notere, juu hapo watu maskini njo wanaolia.

Nchini Hispania na karibu katika Amerika ya Kilatini yote, "notario" ni mwanasheria mzito. Hispania anamaliza masomo ya droit, kisha anaingia katika mashindano ya mtihani yanayochukua miaka ya kujitayarisha. Anaandika akti ya kuuza nyumba, anaeleza pande zote mbili wanachosaini, anatunza asili katika kumbukumbu yake na kutoa kopi. Karatasi yake ni ushahidi mbele ya korti. Mkongo anaelewa hili bila shida, hata kama kwetu notere mara nyingi ni mtu wa serikali ofisini.

Marekani, katika majimbo karibu yote, "notary public" ni mtu aliyelipia kibali kidogo: anaangalia kitambulisho chako, anakuona ukisaini, anapiga muhuri. Basi. Anaweza kuwa mwuza duka ao sekretere. Hajasoma sheria na hana ruhusa ya kutoa shauri la sheria. Louisiana peke yake, kwa sababu ya historia yake ya Kifaransa na Kihispania, imebaki na notere mwenye mamlaka makubwa zaidi.

Maneno yanafanana karibu herufi kwa herufi. Mtu wa hila anachukua kibali cha "notary public", anaandika mlangoni kwa Kihispania "notario público", na anangojea. Mama aliyetoka Guatemala ao Honduras anasoma, anakumbuka notario wa kwao, mtu mwenye tai na kabati la vitabu, anaingia na pesa zake na maisha yake yote ndani ya bahasha. Yule anajaza fomu za ukimbizi hovyo, ao hazipeleki kabisa. Sheria ya Marekani inampa mwenye kuomba ukimbizi mwaka mmoja tangu kufika ili apeleke ombi, na nje ya sababu chache za pekee, mwaka ukipita mlango unafungwa. Mama anakuja kujua siku anapoitwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Jambo hili ni kubwa mpaka Texas na California zilitunga sheria inayokataza kabisa kutafsiri "notary public" neno kwa neno kwa Kihispania katika matangazo. Fikirieni: sheria inayokataza tafsiri!

Katika upande wetu, kutoka Kihispania kwenda Kiingereza, mtego ni ule ule umegeuzwa. Akti ya notario wa Madrid ikifika New York chini ya jina "notary public", mfanyakazi wa benki anaona muhuri wa mwuza duka na kusema haitoshi. Wengi sasa wanaandika "civil law notary". Ao wanaacha "notario" kama lilivyo na kuongeza maelezo ya nusu mstari. Mimi napendelea hii ya pili, juu "civil law notary" inamsaidia avoka lakini mtu wa dirishani inamwacha palepale.

Na hapo tunaingia kwenye swali ambalo linafanya kazi hii ipendeze: neno lisilo na chumba kabisa katika nyumba ya Kiingereza, unalilaza wapi?

Mexico ina "amparo". Kwa Kiswahili tungesema kinga ao hifadhi. Ilizaliwa katika katiba ya jimbo la Yucatán mwaka 1841, kwa kalamu ya Manuel Crescencio Rejón, na ikaingia ngazi ya nchi nzima mwaka 1847. Raia anayeona kwamba mamlaka imevunja haki zake za katiba, kwa mfano polisi, meya, hata hakimu, anakimbilia kwa hakimu wa shirikisho na kuomba kitendo hicho kisimamishwe na kufutwa. Watafsiri wamejaribu "habeas corpus", lakini ile inahusu mtu aliyefungwa tu, na amparo inalinda hata shamba lako ao duka lako. Wamejaribu "injunction", lakini hiyo unaweza kuiomba hata dhidi ya jirani anayepiga muziki. "Constitutional appeal" inasikika kama rufaa ya kesi iliyokwisha kuamuliwa, wakati amparo inaweza kuanza bila kesi yoyote.

Ufilipino walimaliza ubishi kwa namna nzuri. Nchi hiyo ilitawaliwa na Hispania mpaka 1898, kisha na Marekani, na leo sheria yake inaandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2007, watu walipokuwa wanauawa na kupotezwa bila kesi, Korti Kuu ya Manila ilitunga kanuni mpya na kuiita "writ of amparo". Nusu Kiingereza, nusu Kihispania, na haina haya. Wao walibadilisha kazi yake kidogo, ikawa ya kulinda uhai, uhuru na usalama wa mtu. Kwa hiyo hata ukiacha neno "amparo" bila kulitafsiri, inabidi useme amparo ya wapi. Ile ya Mexico si ile ya Manila, na ile ya Hispania inaamuliwa na Korti ya Katiba, kwa kawaida baada ya kupita kwanza katika korti nyingine.

Na sasa ruhusuni agronome aseme kitu, juu hapa niko kwangu. "Ejido." Baada ya mapinduzi ya Mexico yaliyoanza 1910, kifungu cha 27 cha katiba ya 1917 kilifungua njia ya kugawia wakulima ardhi. Ejido ni kundi la wakulima lenye ardhi yake: kuna viwanja ambavyo kila mmoja analima kivyake, kuna sehemu ya matumizi ya wote, malisho na msitu, na kuna mkutano wa wanachama unaoamua. Karibu nusu ya ardhi ya Mexico iko chini ya ejido na jumuiya za wenyeji. Tangu marekebisho ya 1992, mkutano unaweza kuruhusu mwanachama ageuze kiwanja chake kuwa mali yake kamili, lakini mpaka hatua hizo zipitwe, hawezi kuuza kwa mgeni yeyote anayekuja na dola.

Nimeona maandishi ya Kiingereza ya kilimo yanayoiita "cooperative". Koperative inauza mahindi pamoja, inanunua mbolea pamoja, na mwanachama anaweza kutoka na shamba lake. Ejido ni mfumo wa umiliki. Wengine wanaandika "communal land", na hapo wanaichanganya na "comunidad", ambayo sheria ya kilimo ya Mexico inaihesabu kuwa kitu kingine mbali. Mnunuzi anayesoma "cooperative member selling his plot" anaona mtu na kiwanja chake, anatoa pesa. Angesoma "ejido parcel, transfer subject to the assembly", angalau angeuliza: mkutano gani? Swali hilo moja lingemwokoa. Sisi tulio katika nchi ambamo sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na mtu anapata konsesyo tu, tunajua vizuri umbali ulioko kati ya kulima shamba na kuwa na haki ya kuliuza.

Wenye kutaka kuingia kazi hii waniulize vitabu, nitasema viwili. Kamusi ya Enrique Alcaraz Varó na Brian Hughes, Kihispania na Kiingereza cha sheria, imesaidia vizazi vya watafsiri tangu miaka ya 1990. Na kamusi ya sheria ya nchi zote zinazosema Kihispania, iliyotolewa mwaka 2017 chini ya Chuo cha Lugha cha Hispania, inaonyesha neno moja linavyobadilika kutoka Bogotá mpaka Buenos Aires. Lakini kamusi ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kufungua kode yenyewe na kusoma kifungu: huyu mtu anafanya nini, nani anamteua, uamuzi wake unapingwa wapi. Sisi tunafanya vile vile na magonjwa ya mimea: jina la mtaani halitoshi, unaangalia jani, unaangalia mzizi. Korti ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, inaenda mbali zaidi: watafsiri wake wa hukumu wanapaswa kuwa na diplome ya sheria.

Swali lingine linalokuja kabla ya kamusi ni: karatasi inaenda wapi? Namalizia na mfano mmoja. Mume na mke wameoana Sevilla bila mkataba wowote wa pekee. Mali waliyoipata ndani ya ndoa ni "bienes gananciales", na ndoa ikiisha, kwa talaka ao kwa kifo, inagawanywa nusu kwa nusu. (Kama wangekuwa wenyeji wa Barcelona ingekuwa mambo mengine, juu Catalonia kila mmoja anabaki na yake.) Waliosoma kode yetu ya familia wanatambua mara moja: ni ndugu wa karibu wa "communauté réduite aux acquêts". Mume anafariki. Mjane na watoto wa mume wa ndoa ya kwanza wanahitaji karatasi kwa Kiingereza.

Mtafsiri akiandika "joint property", Mwingereza anaweza kusoma ule umiliki wa pamoja ambamo mmoja akifa, sehemu yake yote inamhamia aliyebaki. Watoto wa mume wanafutika hapo hapo, wakati kwa sheria ya Hispania nusu ya marehemu inaingia katika urithi na wao wamo. Karatasi ikienda Los Angeles, kazi ni rahisi: California, kama Texas, ilirithi mfumo huu kutoka kwa Wahispania na Wamexico, na Kiingereza cha huko kimeutengenezea jina, "community property". Ikienda London, jina hilo halina sheria nyuma yake, juu Uingereza haina mfumo huo. Hapo mtafsiri anaweka "gananciales" kwa herufi za mlalo, anaongeza "community property" pembeni, na chini ya ukurasa anaandika mistari miwili: kwamba nusu ni ya mjane kwa haki yake mwenyewe, na nusu nyingine ni ya urithi wa marehemu.